Faida ya Maonyesho ya Picha

Wenyeji wengi wa Kitale na Bungoma wamezoea kwenda kwa mpiga picha kwa ajili ya arusi au kitambulisho. Picha hizo ni mali ya mwenyewe. Lakini iko kazi nyingine ya kamera, nayo ni kuweka kumbukumbu ya mambo yaliyowapata watu wengi. Picha za namna hiyo huchaguliwa, hufanywa kubwa, kisha hutundikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuzitazama. Hayo ndiyo huitwa maonyesho ya picha.

Mfano mmoja ni kazi ya Bwana Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo zilizuka katika sehemu nyingi za Kenya, na watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Bwana Mwangi alizipiga picha fujo hizo. Katika mwaka wa 2009 alianzisha maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, yakaanzia Nairobi na baadaye yakapelekwa katika miji mingine. Picha zilitundikwa barabarani, wala si katika jumba la sanaa, ili mchuuzi, mwanafunzi na mpita njia wazione pasipo kulipa kiingilio.

Wenyeji wa Trans Nzoia na Bungoma wanayajua mambo hayo. Mwaka wa 2008 watu waliofukuzwa makwao walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale. Huko Mlima Elgon, upande wa Cheptais, ugomvi wa ardhi ulikuwa umekwisha kumwaga damu tangu mwaka wa 2006, hata jeshi likapelekwa huko Machi 2008.

Wako wasemao kwamba picha za namna hii hutonesha vidonda, na neno lao si la kudharauliwa. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana aliyezaliwa baada ya fujo hizo hakuona nyumba zikiteketea. Asipoonyeshwa, mchochezi aweza kumdanganya kwamba vita ni mchezo.

Mtu anayekwenda kutazama maonyesho siku ya kufunguliwa yafaa afike mapema, maana mara nyingi mpiga picha huwapo mwenyewe, naye aweza kuulizwa. Atazame picha moja moja, bila haraka. Asome maelezo yaliyoandikwa chini yake: ni mahali gani, mwaka gani, na jambo gani lilitokea. Picha huonyesha kipande kidogo tu cha tukio. Bila maelezo, mtu anayekimbia aweza kudhaniwa kuwa mwizi, kumbe anaokoa maisha yake. Tena asicheke wala kunyoshea kabila fulani kidole, kwa kuwa huenda anayesimama karibu naye ni ndugu wa yule aliye pichani. Na anayezidiwa na uchungu asione haya kutoka nje.

Watu wa Kitale wanajua faida ya kuhifadhi vitu. Jumba lao la makumbusho lilitokana na lile lililoanzishwa mwaka wa 1926 na Bwana Stoneham, aliyekusanya wadudu na ndege. Ikiwa kipepeo alihifadhiwa ili vizazi vimjue, habari za mateso ya wanadamu zastahili kuhifadhiwa zaidi, ili vizazi vijihadhari.