Kimbunga, Kungumanga na Akiba ya Visiwa Vidogo

Wanachama wengi husikia katika redio habari za mikutano ya mataifa juu ya visiwa vidogo, na baadhi yao hutuuliza mikutano hiyo yamfaa nini mtu mwenye mikarafuu yake mia huko Pemba. Swali ni la haki. Badala ya kulijibu kwa maneno makubwa, twaona bora tueleze habari za kisiwa kimoja ambacho wakulima wake wanafanana sana nasi.

Kisiwa hicho ni Grenada, katika bahari ya Karibi. Sisi tuna karafuu, wao wana kungumanga, nao waithamini hata wameichora katika bendera yao. Tangu 1947 wana chama chao kinachonunua kungumanga na basibasi. Mkulima hulipwa fedha ya kwanza siku anapoleta mazao, na mwisho wa mwaka, biashara ikiwa imeleta faida, huongezewa. Kwa miaka mingi Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kuuza kungumanga, nyuma ya Indonesia.

Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga kilichoitwa Ivan kilipita juu ya kisiwa. Watu 39 walikufa, nyumba zilizobaki bila ya kuharibika zilikuwa chache, na hasara ilikadiriwa kuwa kama mara mbili ya pato la nchi nzima kwa mwaka. Sehemu kubwa kabisa ya mikungumanga iling'oka au kuvunjika. Julai 2005 kikaja kimbunga kingine, Emily, kikaharibu yaliyokuwa yameanza kutengenezwa.

Mkulima wa karafuu hana haja ya kuelezwa sana maana yake. Mche wa kungumanga hukaa kiasi cha miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Tena una taabu ambayo sisi, kwa bahati njema, hatunayo: iko miti dume na miti jike, na aliyepanda kokwa hajui amepanda nini mpaka mti utoe maua. Basi mzee wa miaka 60 aliyetoka nje asubuhi akaliona shamba lake lote limelala, apande nini, na amchumie nani? Wengine waligeukia kakao, ambayo huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Wengine waliacha kilimo. Miaka 20 imekwisha pita, na mazao ya kungumanga hayajarudi yalipokuwa.

Wazee wetu nao waliyaona hayo. Mwezi wa Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo imekuwa shamba kubwa la karafuu. Upepo ule ungeshika njia ya kaskazini kidogo tu, sijui leo tungekuwa tukiandika jarida la zao gani.

Sasa tuje kwenye ushirikiano. Baada ya Ivan misaada ilifika Grenada kutoka nchi nyingi, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini msaada wa namna hiyo huja kwa huruma ya mtoaji, na huja kwa wakati wake mtoaji, si wakati wa mwenye shida. Kwa hiyo serikali za Karibi zilitaka kitu kingine, na mwaka 2007 wakaanzisha mfuko wa bima wa pamoja, wa kwanza wa namna yake duniani. Benki ya Dunia, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Jumuiya ya Ulaya na wengineo walitia fedha za kuanzia.

Mwenye kukijua chama cha kufa na kuzikana ameshaujua mfuko huu. Kila nchi hutoa mchango wake kila mwaka kwa kadiri ya hatari yake. Kisiwa kimoja peke yake hakiwezi kuweka akiba ya kutosha, lakini kimbunga hakivipigi visiwa vyote mwaka mmoja, basi akiba ya wote humtosha aliyepatwa. Wala hapana mtu anayetumwa kuhesabu mapaa yaliyoezuliwa. Hutazamwa nguvu ya upepo na njia uliyopita. Vikifikia kipimo kilichokubaliwa, fedha hulipwa katika siku 14. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipokiangamiza Carriacou, kisiwa kilicho chini ya Grenada, mfuko ulilipa zaidi ya dola milioni 40. Mwaka huo huo Grenada iliahirisha kulipa sehemu ya madeni yake, kwa kuwa ilipoyapanga upya mwaka 2015 ilikubaliana na wadai kwamba kimbunga kikija, wangoje.

Tusiusifu mno. Upepo usipofikia kile kipimo haitoki hata senti moja, ijapokuwa shamba la mtu limekwisha. Na fedha huingia hazina ya serikali. Hazimwendei mwenye shamba moja kwa moja.

Jambo hili lilidaiwa zamani. Visiwa vidogo viliunda umoja wao mwaka 1990, na mwaka 1991 Vanuatu ilisimama kwa niaba yao kutaka mfuko wa bima wa mataifa yote kwa hasara za bahari kupanda. Baadaye ikafanywa mikutano Barbados 1994, Mauritius 2005, Samoa 2014, na Antigua na Barbuda 2024, kila mmoja na waraka wake mrefu. Mfuko wa mataifa wa kufidia hasara za tabianchi ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, yaani miaka 31 tangu Vanuatu iseme.

Na sisi? Katika orodha ya visiwa vidogo ya Umoja wa Mataifa wamo jirani zetu Komoro, ambao nao hulima karafuu, na Shelisheli na Mauritius. Zanzibar haimo, maana orodha ile ni ya dola, na dola yetu ni Tanzania. (Guinea-Bissau, ambayo sehemu yake kubwa iko bara, imo, mambo ya orodha ndivyo yalivyo.) Mlango mwingine uko Afrika kwenyewe: Umoja wa Afrika una mfuko wake wa bima tangu 2012, na Madagaska, washindani wetu wa karafuu, walilipwa baada ya kimbunga Batsirai cha 2022. Hatari nayo si ya vitabuni. Kenneth kiliwapiga Wakomoro Aprili 2019, na Hidaya kilifika Mafia Mei 2024.

Fedha zikifika hazina siku moja, kitakachoulizwa ni nani alikuwa na miti, na mingapi. Huko Grenada kila anayepeleka kungumanga ameandikwa katika vitabu vya chama. Kwetu wako wanachama ambao idadi ya mikarafuu yao waijua wao na watoto wao tu. Twawaomba waende kwa karani wa tawi wakaiandikishe, mizima mbali na michanga mbali, kabla ya mvua za masika.