Takwimu na Muundo wa Imani za Jamii: Kutoka Idadi ya Maneno hadi Kiini cha Fikra

Utangulizi

Kauli kwamba “jamii inaamini” ni ya kawaida mno katika tasnifu za fasihi. Mhakiki hutaja methali mbili tatu, akamrejelea mhusika mmoja, kisha akatangaza msimamo wa jamii nzima kuhusu ndoa, elimu au utajiri. Huenda kauli hiyo ikawa ya kweli, ila ushahidi wake huwa haba. Ni nani hasa wanaoamini hivyo? Imani hizo zimefungamana vipi? Ni ipi ambayo ikiondolewa nyingine huporomoka? Maswali haya yamewashughulisha wanasaikolojia jamii, hasa nchini Ufaransa, kwa zaidi ya miaka 60. Makala hii inadhamiria kueleza baadhi ya mbinu za kitakwimu walizobuni, na kubainisha kwamba imani inayotajwa na wengi si lazima iwe ndiyo inayozishikilia nyingine.

Msingi wa Nadharia

Mwaka 1898, Émile Durkheim alitofautisha fikra za mtu binafsi na fikra za pamoja. Wazo hilo lilipewa sura mpya mwaka 1961 na Serge Moscovici, aliyechunguza jinsi makundi mbalimbali ya Wafaransa yalivyouelewa uchanganuzi nafsi wa Freud. Alionyesha kwamba elimu ya wataalamu inapofika kwa umma haipokelewi ilivyo. Kila kundi huiunda upya kwa mujibu wa maadili na maslahi yake. Zao la uundaji huo ndilo linaloitwa hapa taswira ya kijamii.

Mwaka 1976, Jean-Claude Abric alipendekeza kwamba kila taswira ya aina hii ina sehemu mbili: kiini na pambizo. Kiini ni imani chache zilizo thabiti, ambazo huzipa nyingine maana. Pambizo ni imani zinazobadilika kulingana na muktadha na tajriba ya mtu. Pambizo likibadilika, taswira hubaki ile ile. Kiini kikibadilika, huzaliwa taswira nyingine. Swali likawa: kiini hicho kitatambuliwaje?

Marudio na Nafasi ya Neno

Mwaka 1992, Pierre Vergès alitumia mbinu sahili katika utafiti wake kuhusu fedha. Watafitiwa huombwa kutaja maneno yanayowajia akilini wasikiapo neno fulani. Mtafiti huhesabu mambo mawili: neno limetajwa na watu wangapi, na kwa wastani limetajwa likiwa la ngapi.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba watu 100 wameulizwa kuhusu neno “elimu”. “Karo” limetajwa na watu 70, “kazi” 60, “heshima” 20 na “sare” 15. Wastani wa nafasi ni 3.4 kwa “karo”, 1.8 kwa “kazi”, 1.5 kwa “heshima” na 4.1 kwa “sare”. Maneno haya huangukia katika vyumba vinne vya jedwali. “Kazi” hutajwa na wengi, tena mapema; hivyo linaweza kuwa sehemu ya kiini. “Karo” hutajwa na wengi zaidi, lakini kwa kuchelewa. Huwekwa katika pambizo la karibu. “Sare” huenda katika pambizo la mbali. “Heshima” ndilo linalodai uangalifu mkubwa, kwa kuwa wachache hulitaja ila hulitanguliza. Yamkini hapo pamejificha kundi dogo lenye kiini chake tofauti.

Mti wa Mahusiano

Jedwali hilo haliambii mtafiti neno lipi linaandamana na lipi. Pengo hilo huzibwa na uchanganuzi wa mfanano, ulioasisiwa na Claude Flament mwaka 1962. Kila jozi ya maneno huhesabiwa ili kujua ni watu wangapi walioyataja yote mawili. Kisha huchorwa mti: huanzwa na jozi yenye uhusiano mkubwa zaidi, ikafuata inayoikaribia, na kuendelea. Kiungo chochote ambacho kingefunga duara huachwa. Maneno manne basi huunganishwa kwa viungo vitatu pekee.

Katika mfano uliotangulia, tuseme “kazi” na “karo” yametajwa pamoja na watu 50, “kazi” na “heshima” 15, “karo” na “heshima” 12, na “karo” na “sare” 10, huku jozi mbili zilizosalia zikiwa chini ya hapo. Kiungo cha “karo” na “heshima” kitaachwa kwa sababu kingefunga duara. Mti utakuwa: heshima, kazi, karo, sare. Hapo huonekana jambo ambalo idadi ya kutajwa haikulidhihirisha: heshima imefungamana na elimu kupitia kazi.

Jaribio la Kukanusha

Hata hivyo, takwimu hizi hutoa dhana tu. Pascal Moliner alilithibitisha hilo mwaka 1989 kwa kuchunguza taswira ya kundi bora la marafiki. Mambo mawili, yaani usawa na maoni yanayoafikiana, yalikuwa na uzito mkubwa katika taswira hiyo. Baadhi ya watafitiwa walielezwa kwamba kundi lina kiongozi anayewaamuru wenzake. Wengine wakaelezwa kwamba wanakundi wanatofautiana kimaoni. Wengi wa walioelezwa kuhusu kiongozi walikataa kuliita kundi hilo bora. Tofauti za maoni hazikuleta ukataaji wa kiwango hicho. Kwa hivyo, usawa ulikuwa wa kiini. Maafikiano hayakuwa hivyo, licha ya uzito wake katika hesabu.

Isitoshe, watu hawasemi kila wanachokiwaza. Mwaka 2000, Christian Guimelli na Jean-Claude Deschamps walionyesha kwamba Wafaransa walioulizwa kuhusu Wagitano walitaja maneno ya kudunisha zaidi walipoombwa kujibu kwa niaba ya Wafaransa wengine kuliko walipojibu kwa niaba yao wenyewe.

Nafasi ya Mwanaisimu na Mhakiki

Mbinu hizi zote husimama juu ya maneno, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango wake. Kompyuta isiyoelekezwa huhesabu “mwalimu”, “walimu” na “ualimu” kuwa maneno matatu yasiyohusiana. Aidha, haiwezi kuamua kama “fedha” na “pesa” zihesabiwe pamoja. Uamuzi wa aina hiyo ni wa kimofolojia na kisemantiki, nao hufanywa kabla ya hesabu yoyote. Ukikosewa, mti mzima hupinda.

Hitimisho

Imebainika kwamba idadi, nafasi, uhusiano na ukanushaji ni hatua nne zinazokamilishana. Takwimu hazichukui nafasi ya uhakiki, wala methali haipotezi thamani yake kama ushahidi. Methali huonyesha kwamba wazo fulani limewahi kupata usemi katika jamii. Haionyeshi ni wangapi wanaolishikilia leo, wala kama liko kwenye kiini au pambizoni. Mhakiki anayeandika kwamba jamii inaamini jambo fulani ana deni la kueleza amejuaje.