Kulinganisha katika Kiswidi: Maumbo ya Sifa na Mpango wa Maneno

Kila lugha ina njia yake ya kusema kwamba kitu hiki chapita kile. Waswahili husema, "Juma ni mrefu kuliko Ali," na neno la sifa, mrefu, halibadiliki kwa ajili ya kulinganisha. Kazi yote imechukuliwa na neno kuliko. Nalo tukilichambua twaona ni ku-li-ko, yaani mahali alipo fulani. Ni kana kwamba twamtazama Juma hapo alipo Ali, tukaona ndiye mrefu. Tena twaweza kutumia tendo, tukasema kwamba Juma ampita Ali kwa urefu. Waswidi hawafuati njia hizi. Wao hubadili neno la sifa lenyewe, kisha hupanga maneno kwa taratibu isiyovunjwa ovyo.

Faida ya kuyajua haya si ndogo. Wamisionari kutoka Uswidi walifanya kazi Tanganyika, kama Bengt Sundkler aliyekuwa Bukoba tangu 1942 hadi 1945, kisha akawa askofu huko tangu 1961. Habari nyingi za kazi yao ziliandikwa kwa Kiswidi. Mtu atakayezifasiri asipoelewa ulinganisho, atampa huyu sifa iliyokuwa ya yule.

1. Maumbo ya sifa

Sifa nyingi huongezwa -are kwa kupita, na -ast kwa kupita wote: stark (mwenye nguvu), starkare, starkast, klok (mwenye busara), klokare, klokast. Nyingine, nazo ni chache lakini zatumika kila siku, huongezwa -re na -st, na mara nyingi vokali ya ndani hugeuka: stor (kubwa), större, störst, lång (refu), längre, längst, ung (kijana), yngre, yngst. Nyingine tena zageuka kabisa, hazina budi kukaririwa: god (ema), bättre, bäst, gammal (mzee), äldre, äldst, liten (dogo), mindre, minst. Ama sifa zenye mwisho wa -isk, na zile zitokazo katika matendo zenye mwisho wa -ad, hutanguliwa na mer na mest: mer praktisk, mest älskad. Mwanafunzi aangalie kwamba å, ä na ö ni herufi kamili, wala alama zile si pambo.

Jambo moja litamfariji. Sifa ya kawaida hufuata jina lake: en stor bok (kitabu kikubwa), ett stort hus (nyumba kubwa), stora hus (nyumba kubwa nyingi). Lakini större haigeuki popote: en större bok, ett större hus, större hus. Kwetu sivyo, hata tukiongeza "zaidi," twasema kitabu kikubwa zaidi, miti mikubwa zaidi.

Umbo la kupita wote likitangulia jina, hupata irabu mwishoni, na kwa kawaida den, det au de mbele yake: Vänern är den största sjön i Sverige, yaani, Vänern ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika Uswidi. Likitanguliwa na mwenye mali, den huanguka, na jina hupoteza kiambishi chake cha mwisho: Sveriges största sjö.

2. Neno "än"

Än ni kuliko yao, nalo hufuata sifa: Vänern är större än Vättern. Lakini likitangulia sifa, maana yake ni hata zaidi: Vänern är än större, ni kubwa hata zaidi. Kipimo nacho hutangulia: Han är två år äldre än jag, ni mkubwa wangu kwa miaka miwili.

Hapa ndipo penye hatari kwa mfasiri. Tukisema, "Nakupenda kuliko yeye," msikiaji aweza kuuliza: kuliko yeye akupendavyo, au kuliko nimpendavyo yeye? Kiswidi hupambanua. Jag älskar dig mer än hon, ni kuliko yeye akupendavyo. Jag älskar dig mer än henne, ni kuliko nimpendavyo yeye. Neno moja limegeuka, na mpendwa mmoja amepungukiwa. Mfasiri asiridhike na "kuliko yeye" tupu, bali aifungue maana. Ama katika sentensi kama Han är äldre än jag, wengi husema pia än mig, na yote mawili yakubaliwa, kwa kuwa hapo hapana shaka.

3. Usawa na kukana

Usawa huonyeshwa kwa lika na som, na sifa hubaki katika umbo lake la kwanza: Dottern är lika lång som modern, binti ni mrefu sawa na mama yake. Kukana kuna njia mbili zisizolingana. Han är inte så stark som brodern, hana nguvu kama ndugu yake, yaani amepungukiwa. Han är inte starkare än brodern, hamshindi ndugu yake. Nao huenda wakawa sawa. Mwalimu asiache wanafunzi wazichanganye.

4. Mahali pa tendo

Katika sentensi kuu neno la tendo hukaa mahali pa pili. Tukianza na mahali, mtenda hurudi nyuma ya tendo: I Sverige är Vänern den största sjön. Neno inte hufuata tendo: Vättern är inte så stor som Vänern. Lakini katika fungu linaloegemea jingine, inte hutangulia tendo: Vi vet att Vättern inte är så stor som Vänern, twajua kwamba Vättern si kubwa kama Vänern.

Kanuni hizi mbili hukutana katika ju na desto, ambayo kwetu ni kadiri na ndivyo: Ju längre vägen är, desto tröttare blir vandraren. Kadiri njia ilivyo ndefu, ndivyo msafiri azidivyo kuchoka. Fungu la ju laegemea, kwa hiyo mtenda, vägen, hutangulia tendo, är. Fungu la desto ni kuu, kwa hiyo tendo, blir, hutangulia mtenda, vandraren. Waswidi wana mithali isiyo na tendo hata moja: Ju fler kockar, desto sämre soppa, yaani wapishi wakizidi, mchuzi huzidi kuharibika. Nasi twasema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Basi twawashauri waalimu wasianze na orodha ya maumbo. Waanze na vitu viwili mbele ya darasa, vilinganishwe kwa än, kisha kwa lika, kisha kwa inte så. Na baada ya hayo sentensi ile ile iingizwe ndani ya att, ili mwanafunzi aone inte ikihama. Akishaizoea safari hiyo ya neno moja, mengine hayatamlemea.