Jiki katika jakuzi

Utakasaji wa jakuzi kwa jiki ni njia ya kuua vijidudu katika maji ya jakuzi ya nyumbani kwa kutumia dawa ya kawaida ya kung'arisha nguo nyeupe. Jakuzi ni beseni kubwa la maji ya moto lenye pampu na mapovu, ambamo watu hukaa kwa kupumzika. Jiki ni mmumunyo wa hipokloriti ya natiri (sodiamu) katika maji. Jina lake limetokana na Jik, chapa iliyozoeleka Afrika Mashariki, na siku hizi hutumika kwa dawa yoyote ya aina hiyo.

Jiki inaweza kutakasa maji ya jakuzi vizuri, lakini wingi wake peke yake hautoshi kueleza nguvu yake. Nguvu hiyo hutegemea pia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali katika maji. Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye miteremko ya Mlima Meru, pamoja na Sekei na kata nyingine za jiji la Arusha, kwa sababu maji mengi ya ardhini ya eneo hilo yana bikaboneti nyingi na huelekea upande wa alkali. Mtu anaweza kumimina jiki ya kutosha, akasikia harufu yake, na bado maji yakawa na vijidudu hai.

Kwa nini maji ya jakuzi huhitaji dawa

Katika chemchemi ya Kikuletwa, maarufu kwa jina la Chemka, wilayani Hai, maji vuguvugu hutoka ardhini bila kukoma na kuyasukuma yale ya zamani. Jakuzi haina mkondo wa namna hiyo. Maji yaleyale huzungushwa na pampu kwa wiki nyingi, yakipokea jasho, mafuta ya ngozi, sabuni na wakati mwingine mkojo.

Tena maji yake ni machache. Watu 4 katika jakuzi ya lita 1,000 ni sawa na watu 200 katika bwawa la kuogelea la lita 50,000. Joto la nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi huharakisha kuisha kwa klorini, na ndilo joto linalopendwa na bakteria kadhaa.

Wawili kati yao wanajulikana sana:

* *Pseudomonas aeruginosa* husababisha vipele vinavyowasha, hasa sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea. Hutokea saa kadhaa au siku chache baada ya kuoga.
* *Legionella* huingia mapafuni kwa njia ya matone madogo sana yanayorushwa na mapovu, na kuleta nimonia kali. Ugonjwa huo ulitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1976 mjini Philadelphia, Marekani. Wazee, wavutaji wa sigara na wenye kinga dhaifu wako katika hatari zaidi.

Bakteria hao hujificha ndani ya utando wa utelezi unaoota kwenye mabomba. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, pampu husimama, klorini huisha mabombani, na maji hupoa polepole yakipita katika joto linalowafaa. Kwa hiyo baada ya umeme kurudi, maji yapimwe na kutiwa dawa kabla ya mtu kuingia.

Jinsi jiki inavyofanya kazi

Jiki ikiingia majini hutoa vitu viwili ambavyo hugeukana: asidi ya hipoklorosi na ioni ya hipokloriti. Vyote viwili kwa pamoja huitwa *klorini huru*, na vipimo vya kawaida huvihesabu kama kitu kimoja. Hata hivyo nguvu zao hazilingani. Asidi ya hipoklorosi haina chaji, hivyo hupenya ukuta wa bakteria kwa urahisi na kuua haraka. Ioni ya hipokloriti ina chaji hasi, na kazi yake ni dhaifu sana.

pH ndiyo huamua mgawanyo wao. Katika maji ya nyuzi 25, sehemu ya klorini huru iliyo katika umbo la asidi ya hipoklorosi ni takriban kama ifuatavyo:

* pH 7.2: theluthi mbili
* pH 7.5: nusu
* pH 8.0: robo
* pH 8.5: sehemu moja ya kumi

Maana yake ni kwamba jakuzi mbili zenye klorini huru sawasawa zinaweza kutofautiana sana kwa usalama. Ile yenye pH 8.5 ina dawa kali pungufu ya moja ya tano ya ile yenye pH 7.2.

Maji ya Mlima Meru

Mlima Meru ni volkeno, na miamba yake ina natiri nyingi. Maji ya mvua yakipenya katika miamba hiyo hubeba bikaboneti ya natiri pamoja na floraidi. Bikaboneti huzuia pH isishuke: asidi kidogo ikitiwa, humezwa.

Mapovu ya jakuzi huongeza tatizo. Maji yenye bikaboneti huwa pia na gesi ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka, ambayo ni asidi hafifu. Mapovu huifukuza gesi hiyo, na pH hupanda. Ndiyo sababu maji yaliyopimwa asubuhi yakiwa na pH 7.5 yanaweza kufika 8 au zaidi baada ya pampu ya mapovu kufanya kazi. Jiki yenyewe nayo ina alkali, hivyo mara inapotiwa hupandisha pH kidogo.

Kupima

Vitu viwili hupimwa: klorini huru na pH. Vituo vya Marekani vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC) hupendekeza kwa jakuzi klorini huru isiyopungua miligramu 3 kwa lita, pH kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisilozidi nyuzi 40. Kwa bwawa la kuogelea lisilo na kiimarishi cha klorini, kiwango cha chini ni miligramu 1 kwa lita.

Vipimo hufanywa kwa karatasi maalumu za mabwawa ya kuogelea au kwa matone ya kemikali. Karatasi ya litmasi inayotumika katika maabara za shule haifai hapa, kwa sababu klorini huipausha kabla haijaonyesha rangi ya kuaminika.

Harufu si kipimo. Ile harufu kali ambayo watu huiita ya klorini mara nyingi hutokana na kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Kloramini huwasha macho lakini huua vijidudu polepole sana. Maji yanayonuka vikali huenda ndiyo yaliyopungukiwa klorini huru.

Kukokotoa kiasi cha jiki

Kwanza husomwa lebo ya chupa ili kujua asilimia ya hipokloriti. Kisha hutumika kanuni hii:

*mililita za jiki = (lita za maji × miligramu zinazotakiwa kwa lita) ÷ (10 × asilimia ya jiki)*

Kwa jakuzi ya lita 1,000, kiwango cha miligramu 3 kwa lita, na jiki ya asilimia 3.5:

(1,000 × 3) ÷ (10 × 3.5) = takriban mililita 86

Jiki ya asilimia 5 ingetakiwa mililita 60 tu. Hesabu hii ni ya maji safi yasiyo na klorini. Maji yaliyotumika hula sehemu ya dawa mara moja, kwa hiyo baada ya nusu saa hupimwa tena na kuongezwa inapobidi. Ikiwa kipimo tayari kinaonyesha miligramu 1, huongezwa 2 tu, si 3.

Mambo matatu huharibu hesabu:

1. *Umri wa jiki.* Joto na mwanga huivunja. Chupa iliyokaa juani dukani au iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita huwa na nguvu pungufu ya ile iliyoandikwa.
2. *Aina ya jiki.* Jiki yenye manukato, rangi, sabuni au iliyofanywa kuwa nzito haifai. Hutakiwa ile ya kawaida isiyoongezewa kitu.
3. *Makisio ya ujazo.* Njia rahisi ya kujua ujazo wa jakuzi ni kuhesabu ndoo, au kujaza kutoka kwenye simtanki yenye alama za lita.

Mpangilio wa kutia dawa

pH hushughulikiwa kwanza, jiki baadaye. Hutumika asidi ya mabwawa ya kuogelea, ama bisulfati ya natiri ya unga au asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Asidi hutiwa kidogo kidogo katika maji mengi, kamwe si maji katika asidi, huku pampu ikizunguka. Maji ya ndimu hayafai, kwa kuwa yana vitu vinavyokula klorini.

Baada ya angalau nusu saa pH hupimwa. Katika maji ya Meru huenda ikahitajika kurudia mara kadhaa: asidi hushusha pH, mapovu huipandisha, lakini kila mzunguko hupunguza bikaboneti, hadi pH inatulia. pH ikiwa kati ya 7.2 na 7.6, jiki humiminwa polepole mbele ya mkondo wa pampu, kifuniko kikiwa wazi. Hakuna mtu anayeingia mpaka kipimo kionyeshe miligramu 3 hadi 5 kwa lita.

Hatari za kuchanganya

Ajali mbaya zaidi za jiki hutokana na mchanganyiko:

* Jiki na asidi, ikiwemo dawa ya kusafishia choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini, ambayo hukaba pumzi na kuunguza mapafu.
* Jiki na amonia hutoa gesi ya kloramini.
* Jiki na vidonge au unga wa klorini wa mabwawa huweza kutoa gesi au kulipuka vikichanganywa katika chombo kimoja.

Kwa hiyo asidi na jiki havitiwi kwa wakati mmoja, havipimwi kwa kikombe kimoja, na havihifadhiwi kabati moja. Jiki haiwekwi kamwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Watoto huinywa wakidhani ni maji. Anayevuta gesi hiyo atolewe nje penye hewa na apelekwe hospitali.

Jiki na floraidi

Jiki huua vijidudu, lakini haiondoi floraidi. Kuchemsha nako hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita. Eneo la Meru linajulikana kwa meno ya rangi ya kahawia yanayotokana na kunywa floraidi nyingi utotoni, na kwa ajili hiyo kuna kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Usa River, kilichojulikana kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Kuoga katika maji yenye floraidi si tatizo, kwa sababu kiasi kinachopita kwenye ngozi ni kidogo mno. Lakini maji ya jakuzi hayafai kunywewa hata yakiwa na klorini ya kutosha, na watoto wazuiwe kuyameza.

Kubadilisha maji

Kila dozi ya jiki huacha chumvi, na uchafu ulioyeyuka huongezeka hata kama maji ni maangavu. Kanuni inayotumika ni kugawa lita za maji kwa 11, kisha kwa idadi ya watumiaji kwa siku. Jakuzi ya lita 1,000 yenye watumiaji 2 kila siku hubadilishwa maji baada ya siku 45 hivi.

Maji ya klorini huua samaki. Kabla ya kumwagwa huachwa wazi bila dawa mpaka kipimo kisome sifuri, na hayaelekezwi katika mito kama Themi na Naura inayopita mjini Arusha.

Historia

Klorini ilitengenezwa mara ya kwanza na Carl Wilhelm Scheele, mwanakemia wa Uswidi, mwaka 1774. Mfaransa Claude Louis Berthollet aligundua kwamba hupausha vitambaa, na mmumunyo wake ulitengenezwa Javel, karibu na Paris. Katika nchi zinazotumia Kifaransa, ikiwemo Kongo, dawa hiyo huitwa kwa jina la Javel hadi leo. Mwaka 1908 jiji la Jersey City, Marekani, lilianza kutia klorini katika maji yake ya bomba kila siku. Neno jakuzi limetokana na Jacuzzi, ukoo wa wahamiaji kutoka Italia waliotengeneza pampu huko California. Mmoja wao, Roy Jacuzzi, alitoa beseni lenye pampu ya ndani mwaka 1968.