Paipu za Ardhini za Kupoza Hewa: Garsen Tuanze na Paa

Baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 kubomoa nyumba nyingi huku Tana River, watu wamekuwa wakijenga upya kwa mabati. Hawana makosa. Mabati hayaliwi na mchwa, hayashiki moto kama makuti, na nyumba inasimama kwa siku chache. Lakini ikifika Februari, saa nane mchana, chumba cha mabati hapa Garsen hakikaliki. Mzee mgonjwa na mama aliyejifungua juzi hutolewa nje wakapumzike chini ya mwarubaini.

Kwa kuwa nina diploma ya ujenzi, nimeulizwa zaidi ya mara moja: je, zile paipu zinazofukiwa ardhini ili zilete hewa iliyopoa ndani ya nyumba, hazitatufaa?

Kwanza tuelewe zinavyofanya kazi. Jua huunguza udongo wa juu tu. Ukichimba mita mbili au tatu, ardhi haijui mchana wala usiku. Joto lake hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo. Basi mtu hufukia paipu ya plastiki ya inchi sita au nane, yenye urefu wa mita 30 hivi. Mdomo mmoja uko nje kivulini, wa pili unatokea chumbani. Feni ndogo huvuta hewa, na hewa ikipita huko chini huacha joto lake kwenye udongo.

Ufaransa mpango huu huitwa kisima cha Kanada. Ardhi ya huko ni baridi, kama nyuzi 12 hivi, kwa hivyo hewa ya kiangazi inapoa kweli.

Kwetu hesabu ni nyingine. Wastani wa mwaka hapa Garsen ni kama nyuzi 28, na ardhi ni hivyo hivyo. Hewa ya nyuzi 35 ikipita humo haiwezi kutoka chini ya 28. Ikitoka na 30 tushukuru. Unyevu nao unabaki vile vile, maana ardhi yetu si baridi kiasi cha kuukamua. Jasho litaendelea kutoka.

Sasa ndugu msomaji, fuata hesabu hii. Paipu ikileta mita za ujazo 150 za hewa kwa saa, na hewa hiyo ikapoa kwa nyuzi 5, imeondoa joto la wati 250. Kiyoyozi kidogo cha dukani huondoa kama wati 2,600. Nalo jua la adhuhuri hushusha karibu wati 1,000 kwa kila mita mraba, kwa hivyo paa la mita mraba 20 linapigwa na wati 20,000. Hata ikipenya asilimia 5 peke yake, ni wati 1,000, mara nne ya zile zinazotolewa na paipu. Ni sawa na kukumba maji mtumbwini na tundu liko wazi.

Kuna na mto. Kwenye uwanda wa mafuriko maji ya chini hayako mbali, na udongo wetu mweusi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Viungo vya paipu vitaachana, maji yatatuama ndani, na hewa utakayovuta chumbani itakuwa na harufu ya ukungu. Mbu nao watapata makao.

Kwa hivyo pesa ya kuchimba mtaro wa mita 30 ianzie juu. Paka mabati rangi nyeupe ili yarudishe jua. Weka dari, hata ya mikeka, na uache nafasi juu yake hewa ya moto itokee. Toboa madirisha pande mbili zinazotazamana, kusi na kaskazi zipite. Panda mwarubaini upande wa magharibi. Ukiwa na stima au sola, feni ya dari ya wati 60 hufanya mwili uhisi umepunguziwa nyuzi mbili tatu.

Sisemi paipu ni haramu. Zahanati au shule iliyo mahali palipoinuka, yenye sola na paa lililokwisha kutengenezwa, inaweza kuzijaribu. Paipu zilazwe kwa mteremko ili maji yatoke, na mdomo wa nje uwekwe wavu wa kuzuia panya na nyoka.

Atakayekuja kukuuzia, muulize mambo matatu: ardhi yangu ina nyuzi ngapi kwa kina hicho? Maji ya mafuriko yatatokea wapi? Na paa langu umeliangalia? Akishindwa kujibu, weka pesa yako. Kuichimbia ardhini ni israfu.