Kifurushi Kikipotea Njiani: Hasara ni ya Nani, na Nini Hukmu ya Kukikatia Bima?

AlhamduliLlaah, swala na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Biashara ya kupeleka bidhaa nje imeingia majumbani mwetu. Mama anashona kofia za viua, mwanawe anazipiga picha, mnunuzi yuko Muscat au London, pesa zinaingia kwa simu na kifurushi kinaondoka. Kikifika, kila mtu yuko radhi. Kisipofika, ndipo maswali yanapotufikia: mnunuzi anataka pesa zake, mshonaji ameshazilipia ada ya watoto, na msafirishaji anasema atalipa kidogo tu kwa kuwa mzigo haukukatiwa bima. Wengi wanatuuliza: je, tungeikata hiyo bima ingekuwa halali?

Kabla ya kuijibu hukmu ya bima, ni lazima tujue kwanza hasara ni ya nani.

Mali iliyo njiani iko katika dhamana ya nani?

Katika madhehebu ya Imaam ash-Shaafi‘iy, kitu kilichouzwa hubaki katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akikabidhi. Kikiangamia kabla ya hapo, mauzo yanavunjika na muuzaji anarudisha thamani aliyopokea. Na kama kilichouzwa si kofia ile maalumu bali ni kofia ya sifa fulani iliyoagizwa, basi muuzaji bado anadaiwa kofia nyingine ya sifa hiyo.

Kwa hiyo anayesema “mimi nimeshapeleka posta, yaliyobaki ni yake na posta” amekosea, ikiwa yeye ndiye aliyemchagua msafirishaji na kumlipa. Msafirishaji huyo ni wakala wake, na mkono wa wakala ni kama mkono wa aliyemtuma.

Hali hubadilika mnunuzi anapoweka wakala wake. Akisema, “Mpe mzigo binamu yangu anayesafiri Jumatano,” au akileta kampuni aliyoiajiri mwenyewe ije kuuchukua, basi mzigo ukishatiwa mkononi mwa wakala huyo, umekabidhiwa. Ukipotea baada ya hapo, hasara ni ya mnunuzi. Jambo hili liandikwe kabla ya pesa kupokelewa, japo kwa ujumbe mfupi wa simu, kwani Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa) Ametuamrisha katika Suuratul-Baqarah kuandikiana madeni, na Ametuamrisha katika Suuratul-Maaidah kutekeleza mikataba.

Na muuzaji akiwa hana cha kurudisha, deni linabaki shingoni mwake, lakini mnunuzi ameamrishwa kumpa muda mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi.

Msafirishaji analipa kiasi gani?

Maulamaa wamekhitalifiana kuhusu anayechukua mizigo ya watu kwa ujira. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa yeye ni mwaminifu, halipi ila akizembea au akikiuka. Wanafunzi wawili wakubwa wa Imaam Abu Haniyfah, Abu Yuusuf na Muhammad bin al-Hasan, wamemwajibisha kulipa isipokuwa kwa janga lisiloepukika, ili mali za watu zihifadhike.

Sheria za leo zimemwajibisha, lakini kwa kikomo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia mizigo ya ndege baina ya nchi na nchi, umeweka kikomo cha vipimo 26 vya fedha ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwa kila kilo moja, tangu mwisho wa Disemba 2024. Hizo ni takriban dola 35 za Marekani. Tuseme umetuma kofia 10 zenye uzito wa kilo moja pamoja na boksi lake, kila moja kwa shilingi 200,000. Mali yako ni milioni 2, na unachoweza kulipwa hakifiki bei ya kofia moja. Vifurushi vya posta vina kanuni zake, navyo pia fidia yake ina kikomo.

Mkataba huo huo umetoa mlango: mtumaji akitangaza thamani ya mzigo wakati wa kuukabidhi, na akalipa nyongeza inayotakiwa, msafirishaji atawajibika mpaka kiwango kilichotangazwa.

Hukmu ya bima

Suala hili si geni. Ibn ‘Aabidiyn wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijriyyah (1836 Miladi), aliulizwa kuhusu wafanyabiashara waliokuwa wakimlipa mtu fedha maalumu ili adhamini bidhaa zao za baharini, jambo walilokuwa wakiliita “sawkarah”. Akajibu kuwa si halali kwa mfanyabiashara kuchukua badali ya mali iliyopotea, kwa kuwa mdhamini huyo amejilazimisha jambo ambalo Shari‘ah haikumlazimisha.

Mwaka 1985, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilipitisha mjini Jeddah kuwa bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ni haramu kwa sababu ya gharar kubwa iliyomo: unanunua kitu usichojua kama utakipata. Wako waliokhalifu, mashuhuri wao ni Shaykh Mustafa az-Zarqaa, lakini wengi wameshikamana na uharamu, nasi tunaifuata kauli hiyo.

Kwa hiyo, mwenye kutuma mzigo aulize: hii pesa ya ziada ninailipia nini?

Ikiwa msafirishaji mwenyewe ndiye anayeongeza ujira kwa sababu mzigo wa thamani utawekwa mahali pa ulinzi, utaandikwa kila kituo na utatolewa kwa saini, basi hiyo ni ijara ya kubeba na kulinda, na tunaona hakuna ubaya. Ikiwa ni takaful, ambapo wanachama wanachangia kwa nia ya kusaidiana na mfuko unasimamiwa Kishari‘ah, hiyo ndiyo badali ambayo Baraza lile limeielekeza. Hapa kwetu Shirika la Bima la Zanzibar lina huduma ya takaful. Waulizeni kama inafika kwenye mizigo yenu.

Ikiwa ni bima ya kibiashara, mtu ajiepushe nayo. Akilazimishwa, kwa mfano ikiwa imo ndani ya nauli wala hana hiari, hana dhambi. Na mzigo ukipotezwa kwa uzembe wa msafirishaji, fidia ya thamani yake ni haki ya mwenye mali, hata ikipita kwa mkono wa bima. Asichukue zaidi ya hasara yake.

Tahadhari ya kuandika uongo

Baadhi ya watu wanaandika “zawadi” katika fomu ya forodha, au wanaandika dola 20 kwa mali ya dola 800, ili mpokeaji apunguziwe ushuru. Huu ni uongo wa maandishi, na mnunuzi kuuomba hakuuhalalishi. Tena unamrudia mwenyewe: mzigo ukipotea, atalipwa kwa ile thamani aliyoiandika. Akidai zaidi, ameshajishuhudia kuwa alisema uongo.

Tunawausia nini?

Pigeni picha mali na boksi kabla ya kufungwa, pimeni uzito, wekeni stakabadhi na namba ya kufuatilia. Mali nyingi igawanyeni katika vifurushi viwili au vitatu. Malalamiko yaandikwe mapema: kwa mzigo wa ndege ulioharibika, muda ni siku 14 tangu kupokelewa, kwa kifurushi cha posta kisichofika, muda wa kuulizia ni miezi 6 tangu kutumwa.

Na walio wengi katika kazi moja waanzishe mfuko wao. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) aliwasifu Ash‘ariyyiin, ambao chakula kikiwapungukia walikuwa wakikusanya walichonacho katika nguo moja na kugawana sawasawa. Kikundi kinachotuma vifurushi 40 kwa mwaka, vya shilingi 200,000 kila kimoja, kikitoa sadaka ya kusaidiana ya shilingi 10,000 kwa kila kifurushi, kitapata 400,000. Hizo zinatosha kufidia vifurushi viwili. Isipotokea hasara, pesa zinabaki kuwa za kikundi kwa mwaka unaofuata, na hakuna tajiri aliyefaidika na hofu zao. Waandike masharti yao na wamweke mtunza fedha mwaminifu.

Tunamuomba Allaah Azibariki chumo za mikono ya mama zetu na ndugu zetu, na Azihifadhi mali zao barani na baharini.

Wa Allaahu a‘lam.