Unga wa amino asidi au kunde: kipi kinapunguza kitambi?
Ukianza gym hapa Dodoma, hukawii kuambiwa ununue kopo la unga wa BCAA ili "ukate mafuta". Subiri kwanza.

Protini imeundwa na amino asidi. Tisa kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. BCAA ni tatu tu, na misuli haijengwi kwa tatu peke yake. Mafuta nayo haiyaunguzi.

Protini ya chakula ndiyo inayosaidia: unashiba muda mrefu, na mwili hutumia kama asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake katika kuisaga. Ila ukiongeza kunde bila kupunguza ugali, mzani hautashuka.

Mtama una upungufu wa laisini, mojawapo ya zile tisa. Kunde na choroko zinayo tele, kwa hiyo ugali wa mtama kwa kunde unakamilishana. Mlenda mtupu (mtamu, sibishi) hauna protini ya maana. Ukitia karanga inaongezeka, lakini pima mkono: gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550.

Mtu wa kilo 70 anahitaji takriban gramu 56 za protini kwa siku. Yai moja lina kama 6, na gramu 100 za maharage makavu zina kama 21. Mwenye tatizo la figo amuone daktari kabla ya kuongeza.